Banda la Kuku Kuelekea Msimu wa Baridi: Fedha Iende Wapi?

SOMO LA WIKI KWA WAFUGAJI NA WAFANYABIASHARA WADOGO

Wanaofuatilia soko la kuku na mayai katika miji ya Nyanda za Juu Kusini wanaujua vizuri mzunguko huu. Ifikapo mwishoni mwa Mei mayai huanza kupungua kwa wafugaji wadogo wadogo. Muda si mrefu wafugaji hao hao huonekana sokoni na kuku wazima, wengine wakiwa bado katika umri mzuri wa kutaga. Wameona hesabu ya mayai imeshuka, wamesikia vifo kwa jirani, na wanaogopa kupoteza mtaji wote kwa mkupuo mmoja. Anayenunua wakati huo hununua kwa bei ya hofu. Anayeuza huwa ameuza mashine yake ya kazi ili kuepuka gharama ya mafuta.

Somo hili linamlenga mwekezaji mdogo mwenye kuku kati ya 20 na 200 nyuma ya nyumba, katika maeneo ya Njombe, Makambako, Mafinga, Makete, Mbeya na mengineyo ya miinuko ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Kule Kitulo, juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, nyasi huamka na barafu. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga hana shida hii bandani kwake, lakini kama ananunua kuku au mayai kutoka huko juu, asome sehemu ya safari na sehemu ya kuchagua kuku.

Tunachosema ni hiki: kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hauawi na baridi ya Njombe. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na amevaa koti analoweza kulivimbisha apendavyo. Kinachokula mtaji ni unyevu bandani, hewa iliyofungiwa, njaa ya usiku na ugonjwa wa mdondo. Mfugaji asiyejua hivyo hutumia fedha yake kuziba kila tundu la banda na kununua mkaa wa kuwapasha moto kuku wasiohitaji moto, kisha hushangaa mbona hali inazidi kuwa mbaya.

GHARAMA HALISI YA BARIDI

Tuanze na hesabu, maana wasomaji wetu ni watu wa hesabu. Kuku wa mayai hula wastani wa gramu 120 kwa siku. Kuku 50 kwa hiyo hula kilo 6. Hali ya hewa inayomfaa kuku mkubwa ni kati ya nyuzi 18 na 24. Joto likishuka chini ya hapo hulazimika kula zaidi ili kujipasha joto. Kadirio linalotumika katika ufugaji ni ongezeko la asilimia 1 hadi 1.5 ya chakula kwa kila nyuzi moja inayopungua.

Tuseme wastani wa joto bandani, usiku na mchana, umeshuka kwa nyuzi 8. Ongezeko litakuwa asilimia 8 hadi 12, yaani kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo kwa siku kwa kuku wote 50. Kwa siku 90 za msimu, hiyo ni kilo 43 hadi 65. Gunia moja la kilo 50, au moja na kidogo. Hiyo ndiyo bei kamili ya baridi kwa kuku 50. Iandike kwenye daftari kabla msimu haujaanza.

Sasa tazama upande wa pili. Kundi hilo likiwa linataga mayai 35 kwa siku, na kwa kunyimwa chakula hicho cha nyongeza likashuka hadi 25, mfugaji amepoteza mayai 10 kila siku. Kwa siku 90 ni mayai 900, sawa na trei 30. Weka bei ya trei katika soko lako, weka na bei ya gunia la chakula, kisha ulinganishe mwenyewe. Hatujui soko hata moja nchini ambako trei 30 zimewahi kuwa rahisi kuliko gunia moja na robo.

Sababu ya mayai kushuka haraka hivyo ni kwamba mwili wa kuku una utaratibu wake wa kulipa madeni. Chakula kinachoingia hulipa kwanza joto la mwili, kisha uhai wa viungo na manyoya, na yai hulipwa mwisho. Ukipunguza chakula kwa asilimia 10 wakati mahitaji yamepanda kwa asilimia 10, wa kwanza kukosa ni yai. Wafugaji wengi hufanya kosa hili kwa nia njema kabisa: mayai yamepungua, kwa hiyo na chakula nacho kipunguzwe kusawazisha mizania. Wiki mbili baadaye mayai yamepungua tena.

Jambo jingine la kuzingatia ni saa ya kula. Kuku hali gizani. Katika msimu wa baridi huacha kula mapema jioni na kukaa na tumbo tupu kwa saa 12 au zaidi, saa zile zile zenye baridi kali. Kwa hiyo ile nyongeza itolewe kati ya saa 10 na saa 11 jioni, ikiwa mahindi mazima au yaliyopasuliwa tu. Punje hukaa katika kifuko cha chakula shingoni na kusagwa pole pole usiku, na kazi hiyo ya kumeng'enya hutoa joto. Kiasi cha gramu 15 kwa kuku kinatosha, sawa na robo tatu ya kilo kwa kuku 50. Usizidishe na kuwafanya wajaze mahindi na kuacha chakula chao cha kutagia chenye protini na chokaa, maana hapo utapata kuku wanene wasiotaga.

MAJI YANAYOBAKI BANDANI

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kuku hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Kuku 50 watakunywa lita 10 kwa siku au zaidi. Maji hayo yanakwenda wapi? Yai moja la kawaida lina maji kama gramu 40, hivyo mayai 35 yanatoka na lita moja na nusu hivi. Lita nane na nusu zilizobaki hutoka kwa pumzi na kinyesi, na kama kuku wamefungiwa kutwa nzima zote zinabaki ndani ya banda. Ni ndoo nzima ya maji inayomwagwa bandani kila siku, wala hakuna anayeiona ikimwagwa.

Katika miezi ya joto upepo na jua huondoa maji hayo bila mfugaji kujua. Ikija baridi, mfugaji hushona viroba, huziba madirisha, huweka udongo katika kila ufa. Maji hayana pa kutokea. Asubuhi bati limetoa jasho na matone yanadondoka juu ya maranda. Maranda yakilowa, kinyesi huchacha na kutoa amonia, ile harufu kali inayowasha macho. Amonia hukwangua njia ya hewa ya kuku, na kuku mwenye njia ya hewa iliyokwanguka hushikwa na mafua kwa urahisi. Maranda mabichi pia ndiyo makazi ya vimelea vya kuhara damu. Zaidi ya hayo, manyoya yakishika unyevu hayavimbi, na koti halizuii tena baridi. Ndiyo maana kuku aliyeko katika banda kavu lenye hewa katika nyuzi 5 ana nafuu kuliko aliyeko katika banda bichi lililofungwa katika nyuzi 12.

Jipime mwenyewe. Nenda bandani alfajiri kabla hujafungua mlango kwa siku hiyo, ingia, uchuchumae hadi kimo cha kuku na uvute pumzi mara tatu. Usipime ukiwa umesimama, kwa sababu kuku hasimami kimo chako. Macho yakikuwasha, hali imekwisha haribika siku nyingi. Kisha chukua konzi ya maranda uibinye. Yakibaki tonge, yameloa kupita kiasi. Yakimeguka taratibu unapofungua kiganja, yako sawa.

UKUTA WA KUFUNGA NA UPENYO WA KUACHA

Kanuni ya banda la miinuko ni kuzuia upepo usimpige kuku alipolala, na kuacha hewa ipite juu ya kichwa chake. Kati ya Juni na Agosti upepo wetu hutoka kusini-mashariki. Ni kusi ile ile inayojulikana pwani, ila ikipanda kingo za Mufindi na Njombe huja na ukungu na manyunyu. Basi upande wa kusini na wa mashariki wa banda uzibwe imara kuanzia chini hadi juu ya vichanja vya kulalia, kwa mbao, tofali au viroba vilivyoshonwa pamoja. Upande wa kaskazini na magharibi uachiwe nafasi zaidi. Pande zote acha upenyo wenye waya chini kidogo ya paa, upana wa kiganja kimoja hivi, usiofungwa usiku wala mchana.

Pazia la viroba lipigiliwe misumari chini na kufunguliwa kutokea juu. Wengi hulipigilia juu na kuliachia lining'inie kama la dirisha la sebuleni; matokeo yake upepo huinua pindo la chini na kuwapiga kuku miguuni, huku hewa chafu na mvuke vikibaki vimefungiwa juu. Kubadilisha misumari hiyo ni kazi ya nusu saa na haigharimu kitu. Katika somo hili lote hatuoni kazi yenye faida kubwa kuliko hiyo kwa jasho kidogo namna hiyo.

Vichanja viwe vya mti, si bomba la chuma. Ubao wa inchi 2 kwa 2 uliolainishwa kingo unafaa, kwa sababu kuku akiukalia anafunika vidole vyake kwa manyoya ya kifua. Kila kuku apate sentimita 20. Visigusane na ukuta wa upande wa upepo.

Maranda yaongezwe unene kutoka sentimita 10 za kawaida hadi 15, na yageuzwe kwa reki kila baada ya siku mbili au tatu. Mahali pa chombo cha maji patengwe, chombo kiinuliwe juu ya tofali, na kila jioni kitolewe nje, kwani kuku hanywi gizani na chombo kikipinduka usiku kinaharibu kazi ya wiki nzima. Asubuhi wapewe maji mapya yaliyopunguzwa ubaridi. Kuku akikuta maji ya barafu hunywa kidogo, akinywa kidogo hula kidogo, na ile hesabu ya trei inaanza tena.

Wafugaji wa Njombe na Mafinga wana bahati ya viwanda vya mbao; maranda wanayapata kwa bei ya kubebea tu. Lakini kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kupakia. La kwanza, yawe maranda ya randa, si unga wa msumeno. Unga ule ni vumbi la kuziba pua, na vifaranga huula wakidhani ni chakula. La pili, yasitoke mahali panapochongwa nguzo au mbao zilizokwisha kutiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa hiyo ni sumu kwa kuku, na mbolea yake utaipeleka shambani.

Kuhusu idadi, tusidanganyane kwamba kuwabananisha kuku ni kuwapasha joto. Kuku wakubwa wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Ukiweka kumi umeongeza maji mara mbili katika banda lile lile.

VIFARANGA NI HABARI NYINGINE

Tuliyosema kuhusu kuku wakubwa yasitumike kwa vifaranga. Kifaranga hana koti, ana manyoya laini tu, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi hadi ufike nyuzi 21 kwenye wiki ya tano. Kwa baridi ya Julai hiyo maana yake ni moto wa usiku na mchana kwa wiki tano, wakati anayelea vifaranga Novemba huenda akamaliza na wiki tatu. Gharama hiyo ya mkaa au umeme ni sehemu ya bei ya kifaranga, nayo haimo katika bei unayotajiwa na muuzaji.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo apange kalenda. Vifaranga walioingia Machi wamekwisha vaa manyoya kamili Juni ikifika. Anayelenga soko la Krismasi kwa kuku chotara wa miezi minne anaweza kuingiza vifaranga katikati ya Agosti, baridi ikiwa inaelekea ukingoni. Kuku wa nyama wa wiki sita hawana haja ya kuingizwa kabla ya mwanzoni mwa Novemba kwa soko hilo. Kuingiza vifaranga mwanzoni mwa Juni ni biashara ya mwenye bruda nzuri na mtu wa kuamka usiku. Wa mara ya kwanza asijaribu.

Anayelazimika, basi awashe bruda saa 24 kabla vifaranga hawajafika ili sakafu yenyewe ipate joto. Uzio wao uwe wa mviringo, kwa sababu kwenye kona hurundikana na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe husema: wakijikusanya chini ya moto na kulia, wana baridi, wakikimbilia ukingoni wakitweta, wana joto, wakijazana upande mmoja, kuna upepo unapenya upande wa pili.

Jiko la mkaa liwashwe nje hadi mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe, ndipo liingizwe, na likiingia liwe juu ya tofali, mbali na maranda, na banda liwe na upenyo juu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi. Haiui vifaranga peke yao. Wapo wanaolea vifaranga katika chumba wanacholala watoto ili watumie moto mmoja. Jambo hilo lisifanyike hata kwa usiku mmoja.

"BARIDI IMEWAUA"

Kauli hii inasikika kila mwaka na inawagharimu watu mitaji yao. Kuku kumi waliokufa ndani ya siku nne hawakuuawa na baridi. Kama walizubaa, wakahara kijani, wakahema kwa shida, wengine wakapinda shingo au kupooza mguu na bawa, huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mlipuko wake hutokea zaidi katika miezi ya kiangazi, na kwa miinuko yetu kiangazi na baridi ni msimu mmoja; ndiyo sababu baridi husingiziwa. Hauna tiba. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha lote.

Chanjo ipo na ni rahisi. Ile ya I-2 hutolewa tone moja katika jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, hivyo anayesubiri hadi asikie vifo mtaa wa pili amechelewa. Chanja mwanzoni mwa Mei, rudia Agosti. Wachanjwe kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua hasaidiki nayo. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, kwa hiyo majirani wachangiane na kuchanja siku moja, na itakayobaki imwagwe, isihifadhiwe mfukoni hadi kesho. Mwone bwana mifugo au bibi mifugo wa kata. Ikiwa kuna chanjo nyingine zinazohitajika eneo lako, kama ndui, atakueleza zipangwe vipi.

Mwenye tabia ya kununua kuku sokoni na kuwachanganya na wa nyumbani siku hiyo hiyo, chanjo peke yake haitamwokoa. Wageni wakae pembeni wiki mbili hadi tatu, na wahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji.

KUCHAGUA WA KUUZA NA WA KUBAKI

Kama kuku watapunguzwa, wapunguzwe Mei kwa kuchagua, wala si Julai kwa woga. Kuku asiyetaga hula gramu zile zile 120 na ile nyongeza ya baridi juu yake. Mshike mmoja mmoja jioni akiwa amelala. Upanga wa kichwani wa anayetaga ni mwekundu, mkubwa, laini. Wa asiyetaga umesinyaa na kupauka. Gusa mifupa miwili iliyochomoza chini ya mkia, pande zote za tundu la kutagia. Nafasi kati yake ikichukua vidole viwili au vitatu, anataga. Ikichukua kimoja kwa shida, amepumzika au ameacha. Kwa aina zenye ngozi ya njano, miguu na mdomo uliopauka ni dalili ya aliyetaga sana. Njano ikirudi iking'aa, hatagi.

Tahadhari moja kwa wanunuzi na wauzaji pia. Kuku anayepukutisha manyoya huonekana kama mgonjwa, na huacha kutaga kwa miezi miwili hivi. Akiwa bado kijana si wa kutupwa, atarudi. Mara nyingi kuku anayechelewa kupukutisha, tena akapukutisha kwa haraka, ndiye mtagaji bora kundini. Mchuuzi anayejua hilo hununua "wagonjwa" hao kwa bei ya mchuzi na kuwauza Septemba kwa bei ya kuku wa mayai.

MAHINDI MAPYA

Mavuno ya miinuko huingia kati ya Juni na Agosti, na hiyo ni nafuu kwa mfugaji, maana nyongeza ya chakula inahitajika wakati mahindi yako bei ya chini. Anayeweza anunue akiba ya miezi mitatu. Hata hivyo mahindi yaliyovunwa kwenye ukungu huwa hayajakauka, na yakiwekwa kwenye magunia huota ukungu wenye sumu kuvu, ambayo hupunguza mayai na kudhoofisha kinga ya kuku hata bila kuua. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kwa wasio na kipimo, ipo njia ya chupa: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga na utikise dakika mbili au tatu. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini, nunua. Kufanya jaribio hilo mbele ya muuzaji husaidia pia katika kupatana bei.

Wapo wanaowapa kuku mahindi yaliyooza kwa kuwa hayafai kwa ugali. Hayafai kwa kuku pia.

TAA

Vitabu vya Ulaya husisitiza taa za bandani msimu wa baridi, kwa sababu kule London siku fupi ya Desemba haifiki saa 8 za mwanga na kuku huacha kutaga kwa giza. Njombe siku fupi ya Juni ina saa 11 na nusu hivi, tofauti ya kama saa moja tu na Desemba yetu. Kwa kuku wa kienyeji, taa ni anasa. Mwenye kuku wa mayai wa kisasa anaweza kufikisha saa 14 hadi 16 kwa kuwasha taa ndogo kuanzia saa 10 alfajiri, sio jioni, ili kuku walale na machweo ya kawaida wakiwa wamepanda vichanja vyao. Akianza asiache katikati. Umeme wa kukatika katika huvuruga utagaji kuliko kutokuwa na taa kabisa.

SAFARI YA USIKU

Kwa wafanyabiashara wanaosafirisha: kuku wa Singida na Dodoma anayepakiwa jioni kwenye joto na kupitishwa Mafinga au Makambako usiku wa manane juu ya gari lililo wazi ameingia baridi ambayo hajaizoea, na upepo wa mwendo huongeza baridi hiyo. Matenga ya mbele na ya juu ndiyo hufa kwanza. Funika mbele na ubavuni kwa turubai, acha nyuma wazi na upenyo katikati ya safu za matenga. Kuku wakilowa kabla ya safari, subiri wakauke. Kuku mbichi katika upepo hamalizi njia. Waliojazwa kupita kiasi hupata joto kisha hufa kwa kukosa hewa, na wanaokuta matenga asubuhi hushindwa kujua ni baridi au ni joto lililoua. Mara nyingi ni vyote viwili katika tenga moja, wa pembeni kwa hili na wa katikati kwa lile.

Ukishusha, wape maji ya uvuguvugu kwanza, chakula baada ya saa moja.

Mwisho wa msimu, Septemba, maranda ya unene wa sentimita 15 yatakuwa yamegeuka mbolea. Yasitupwe. Yarundikwe nje chini ya kifuniko wiki sita hadi nane yachachuke na kupoa, kisha yajazwe magunia kabla ya mvua za Novemba, wakati wakulima wa mahindi na viazi mviringo wanapotafuta mbolea. Katika daftari uyaandike upande wa mapato, mkabala na lile gunia la chakula la msimu wa baridi.